Baki Umalize Magugu Yako

Jumamosi, mchana. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu tu.

Mwanangu Leokadia, kwanza salamu. Najua hii ni shajara. Uliniambia niandike kila Jumamosi mambo ya nyumbani ili ukirudi usome, na ukasema shajara haihitaji salamu. Lakini mimi kwenye kisomo cha watu wazima nilifundishwa kuandika barua tu, na mkono wangu haujui kuanzia mahali pengine.

Kwa hiyo: Minza hajambo, anakusalimu sana, jino la mbele limetoka na amelirusha juu ya bati. Masalu hajambo, na hilo neno nimeliandika polepole, utaona kwa nini. Baba Minza hajambo. Jirani yetu Mama Joyce hajambo, anasema usisahau koti lake. Wifi yako Nyamizi hajambo, yuko humu ndani, amelala kitandani kwangu na anakoroma. Kuku wako wote hawajambo, isipokuwa yule mweupe ambaye hatunaye tena. Mimi mama yako sijambo, ni miguu tu.

Moyo leo umetulia.

Juzi nisingeweza kuandika hivyo. Juzi mzigo wangu ulikuwa mlangoni, nimeufunga kwa kamba.

Nianze mbali kidogo, maana leo asubuhi kwenye ofisi ya simu hatukusema hata nusu. Foleni ndefu nyuma yangu, dada wa simu anatazama saa ya ukutani, na mimi nikishika ile simu mdomo unakauka kama nimekula majivu.

Ulipotoka kwenye ile semina ya Entebbe, mlikokutana wasomi wa nchi zote za ziwa, ulikuja hapa umeng'aa uso. Ukasema profesa mmoja mama wa Kizungu amekusikia ukisoma kazi yako ya magugu maji, amekwambia uombe ufadhili wa utafiti kwao Uholanzi, miezi kumi, na maabara utapewa. Nilikuuliza, "Hayo magugu si ya kung'oa tu?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikuwa natania. Nilikuwa naona mtu anasafiri hewani kwenda kuangalia majani yaliyojaa hapa hapa ziwani kwetu.

Halafu jibu likaja kwamba umepata, ila nafasi ni ya mtu mmoja. Hakuna mume, hakuna mtoto. Na Masalu ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Nani atakaa na watoto? Wote mkanitazama mimi.

Nilisema ndiyo upesi sana. Baadaye usiku nikakaa kitandani nikajiuliza nimesema nini. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Jina lake siliandiki hata hapa. Sasa mimi huyo nikae miezi kumi kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, na mwenye nyumba tangu apunguzwe kazi kiwanda cha kuchambua pamba anashinda uani akitengeneza mashine za boti? Ningekuwa naiacha njia kila nikitaka chumvi.

Lakini tuliweza. Sijui kama uliwahi kuelezwa tulivyokuwa tunafanya. Mimi nikitaka kutoka uani nagonga mfuniko wa sufuria, yeye anapita upande wa mbele. Yeye akirudi kutoka ziwani anakohoa getini, mimi naingia chumbani. Chakula anapeleka Minza. Maneno anapeleka Minza. Na huyo mwanao ni mjanja, kila ujumbe unaongezewa wake. "Baba, bibi anasema chumvi imeisha, na mimi ninunuliwe andazi." Sikusema andazi. Lakini ningebisha vipi? Nibishane na mkwe wangu kwa sababu ya andazi?

Mama Joyce alikuwa anatucheka ukutani. "Hivi Mama Leokadia, siku mkigongana mlangoni nani atakufa kwanza?"

Nikamwambia, "Nyie Wahaya kila mmoja amejificha nyuma ya mgomba wake, ndiyo maana hamjui aibu."

"Sisi tunajua aibu, ila haitugongeshi masufuria!"

Ndivyo tulivyokaa. Kwa heshima, kila mtu na mlango wake.

Jumanne Masalu aliamka ana joto. Nilimpa dawa ya homa, nikamfuta kwa maji, akalala. Kwenye saa sita mchana nilikuwa nimetoka kuoga, nimejifunga khanga moja, kichwa wazi. Nikasikia kitanda kinatikisika. Nikageuka, naona mtoto amekakamaa, macho yamepanda juu, meno yamekazana.

Degedege.

Nilipiga kelele. Sikupiga kelele ya kuita mtu, nilipiga tu. Minza alikuwa shule, kwa hiyo aliyesikia ni mmoja. Baba Minza alikuwa uani na mashine ya watu imefunguliwa vipande vipande. Nilisikia spana ikianguka, nikasikia miguu, akafika mlango wa chumba changu.

Akasimama.

Mwanangu, nimeona mambo mengi, lakini lile sijawahi kuliona. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ameona nilivyo. Akageuza uso ukutani, akanyoosha mikono miwili nyuma yake, anapapasa hewa, nimpe mtoto bila yeye kunitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisita. Nilikuwa natafuta namna ya kumweka mtoto kwenye ile mikono bila kuigusa. Mtoto anakufa, na bibi yake anapima vidole.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikamwambia, "Baba Minza! Achana na huo ukuta! Nitazame mimi, mshike mwanao!"

Akageuka, akanitazama. Miaka yote tangu akuoe sijawahi kuona macho yake. Sikujua hata kama ana kovu juu ya nyusi.

Akamchukua. Mikono yetu ikagusana, tena si kidogo. Nikachukua kitambaa cha kichwa, nikakosa muda wa kukifunga, kikabaki begani. Zahanati iko kule chini karibu na kiwanda cha minofu, unajua kulivyo mbali kwa miguu. Akatoa baiskeli, akanirudishia mtoto, akasema huku anatazama usukani, "Mama, panda."

Nikapanda.

Leokadia, nilipanda kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mkwe wangu. Masalu kifuani, mkono mmoja nimeng'ang'ania shati la Baba Minza mpaka kifungo kikaruka, tunateremka kwenye yale mawe, breki zinalia. Tulipita sokoni. Tuliwapita wale kina mama wanaokaanga mapanki, yale mabaki ya samaki ya kiwandani, wote wakainuka. Mmoja akapaza sauti, "Haya jamani, bibi harusi huyo anapelekwa!" Wengine wanaotufahamu hawakucheka. Walishika midomo, na hilo ndilo lililoniuma.

Zahanati, nesi hakuuliza mkwe wala mama mkwe. "Bibi shika kichwa. Baba shika miguu. Kazeni!" Tukainama wote wawili juu ya kitanda kile chembamba, vichwa vinagusana, jasho lake linanidondokea mkononi. Sindano ikaingia. Halafu Masalu akalia.

Sijawahi kupenda kilio cha mtoto namna ile.

Malaria, wakasema, imepanda kichwani, lakini mmewahi. Jioni alikuwa anatafuta uji. Leo amenivunjia kikombe. Mtoto amepona, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nimekuandikia yote hivi kwa sababu yamepita.

Tulirudi kwa miguu. Yeye mbele anakokota baiskeli, mimi nyuma kabisa na mtoto mgongoni, nimeacha nafasi kubwa kati yetu, kana kwamba nafasi ile ingefuta tulichokwisha kufanya. Alipofika getini hakuingia. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaenda ziwani kwenye banda la mafundi wenzake, akalala huko. Kesho yake vilevile. Anatuma samaki, anatuma unga, mwenyewe haji.

Na mimi nikafunga mzigo.

Usifikiri nilikasirika. Niliona aibu mpaka kula nikashindwa. Mwanaume niliyemshika shati mgongoni mbele ya soko zima, nitaendeleaje kumgongea mfuniko wa sufuria? Tungekuwa tunaigiza. Niliona heri nirudi kwetu Magu, watu waseme yao na wamalize. Kuhusu watoto sikuwa nimefikiri vizuri. Nilikuwa nafikiria uso wangu tu.

Alhamisi Mama Joyce akaja na habari kwamba Baba Minza amekupigia simu, amekueleza, na wewe umejibu: kama mama anaondoka, narudi. Mnipe jibu Jumamosi.

Nilikaa juu ya ule mzigo wangu.

Kwa sababu nilijua maana yake. Ulinieleza mwenyewe kabla ya kuondoka: ukiacha katikati, ufadhili unafungwa na hautolewi mara ya pili. Zile hadubini walizoahidi idara yenu pale chuoni haziji. Na yule mwenzako wa ofisi ya jirani, aliyesema kwenye kikao kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga asipewe nafasi maana atarudi njiani, atapata la kusema mpaka astaafu. Na wanafunzi wako wa kike watamsikia.

Mimi sikutaka uende, unajua. Nililia kule kiwanja cha ndege nikasema ni vumbi. Lakini urudi kwa sababu mama yako alipanda baiskeli?

Niliufungua ule mzigo. Halafu nikaufunga tena. Halafu nikaufungua nikatoa khanga moja tu, ya kulalia. Ndivyo nilivyoshinda Alhamisi yote.

Ijumaa ndiyo akaja Nyamizi.

Nilimwogopa huyo kuliko wote. Tangu mwanzo alisema waziwazi kwamba kaka yake ameoa ndege, si mke. Habari ya baiskeli ilivuka ziwa na wachuuzi wa samaki, ikamfikia Sengerema imenona. Akafunga safari kuja kuchukua watoto na kukuamuru urudi. Nilimtegemea asubuhi. Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Amefika jua linataka kuzama, tope mpaka magotini, kilemba kimekaa upande, viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Sikaribii kwanza. Ni kweli ulipanda baiskeli?"

"Nilipanda."

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Afadhali," akasema, akaketi chini palepale kizingitini. "Nipe maji."

Akanywa. Akanywa tena. Ndipo akaanza, na alivyokuwa anasema alikuwa anapiga paja lake. "Mama, nimeshinda majini. Tumetoka Kamanga vizuri, hatujafika mbali, magugu yamefunga kivuko kila upande. Ukitazama unaona shamba, huoni maji. Mashine inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Wanaume wanakatakata kwa panga, mbuzi wa watu wanalia, mama mmoja mjamzito anashika tumbo tukadhani anajifungulia humo. Nikamwuliza mtu wa kivuko, hivi haya majani hayana dawa? Akaniambia, dawa inatafutwa mama, kuna wasomi wetu wamepelekwa Ulaya kuitafuta."

Akakuna tope mguuni.

"Nikafunga mdomo wangu. Maana mimi nilikuwa nakuja kumrudisha mmoja wao."

Nilicheka, mwanangu. Sikutegemea. Nilicheka mpaka machozi, naye akanitazama kwa hasira, halafu akacheka yeye mwenyewe. Mama Joyce akachungulia ukutani akauliza nani amekufa.

Nyamizi akamwona Masalu anatambaa, akamshika, akampima joto shingoni kwa mgongo wa mkono, akambusu. Akaniuliza ilivyokuwa. Nikamweleza yote, na kitambaa begani, na kifungo. Nilipofika kwenye kaka yake ametazama ukuta anapapasa hewa, akasema, "Mjinga huyo. Na wewe mama, samahani, na wewe mjinga. Mngemzika kwa heshima?"

Hakungoja kukauka. Akaenda ziwani kumfuata kaka yake, akarudi naye anamtanguliza kama mbuzi aliyekata kamba. Baba Minza akasimama getini, akakohoa kwa mazoea. Nyamizi akamwambia, "Kohoa ukimaliza uingie!"

Alisema kosa si langu wala si la kaka yake, lakini mkono umeshikwa na hauwezi kuachwa hivihivi bila kusemewa. Upande wao ndio unaotoa cha kufuta aibu. Kwa hiyo yule kuku mweupe alichinjwa, nisamehe, ndiye aliyekuwa karibu. Na Baba Minza akatoa kitenge. Kumbe alikuwa amekinunua tangu Jumatano, kipya kabisa, si mtumba, kina maua ya njano. Alikuwa hajui amtume nani akilete.

Nilikaa ndani ya jiko, yeye akachuchumaa nje ya mlango wa jiko, Nyamizi katikati akasema maneno ya kwetu. Kwamba mkono huu uligusa kwa ajili ya mtoto, kwamba hakuna aliyedharau, kwamba yaliyofanyika njiani yabaki njiani. Akaniwekea kitenge mabegani. Akasema kuanzia leo tunaweza kusalimiana kwa midomo yetu na kuzungumza mtoto akiumwa au chumvi ikiisha. Kula, kila mtu kwake. Vyumba, kila mtu chake. Hapo nilikubali haraka, maana na mimi kuna kiasi ninachokiweza.

Baba Minza akasema, "Shikamoo mama."

Nikasema, "Marahaba baba. Kifungo chako nitakishona."

Minza akanuna. Akauliza sasa yeye atakuwa anapeleka nini.

Asubuhi hii tukaenda kukungoja kwenye ofisi ya simu, Nyamizi, mimi na mtoto mgongoni, Baba Minza akitufuata na mwavuli. Mambo yote haya ningeyasemaje pale, na watu wamesimama wanasikiliza? Ulivyosema "Haloo mama," nikasahau hata salamu. Ukaniuliza, "Unaondoka? Niambie ukweli, mimi nimeshafunga sanduku." Nikakwambia, "Lifungue. Mimi mzigo wangu nimeufungua. Mtoto mzima, wifi yako yupo, tumepatana. Baki umalize magugu yako." Ukanyamaza. Nikadhani unalia, nikawa nakwambia usilie. Kumbe laini imekatika, nabembeleza simu iliyokufa. Dada wa simu akajaribu tena na tena, haikushika.

Nyamizi anasema umesikia. Baba Minza anasema umesikia. Na mimi naamini umesikia, ndiyo maana nimekula ugali leo nikamaliza. Lakini mimi ni mama, nikibaki peke yangu nakuona uko kiwanja cha ndege na lile sanduku.

Kwa hiyo ukurasa huu na zile za nyuma yake nazikata kwenye shajara. Jumatatu Baba Minza anapeleka mjini kule kwenye faksi, nimemwomba mwenyewe kwa mdomo wangu, mlangoni. Akisoma huyo dada wa faksi, basi na asome.

Usiniandikie mengi, una kazi. Ila nijibu haraka, siku hiyo hiyo ukiipata. Neno moja linanitosha: nimebaki.